Ulumbi na Haki ya Kujibu: Athens ya Kale, Tabora ya 1958 na Mkutano wa Kijiji Maramba

Utangulizi

Maramba ni mji mdogo ulio chini ya milima ya Usambara ya Mashariki, katika Wilaya ya Mkinga, Mkoa wa Tanga. Mashariki yake nchi inateremka kuelekea pwani ya Wadigo. Magharibi inapanda milimani kwa Wasambaa. Kusini iko Bonde, nchi ya Wabondei. Mashamba makubwa ya enzi za ukoloni yalileta vibarua kutoka mbali, na kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa imeleta vijana wa mikoa mingi. Asimamaye kuhutubia watu wa Maramba huhutubia hadhira ya asili nyingi, isiyo na lugha moja ya nyumbani, na Kiswahili ndicho kinachoiunganisha.

Hadhira hiyo hukutana katika mikutano ya aina mbili. Aina ya kwanza ni mkutano wa hadhara wa kampeni: jukwaa, vipaza sauti, ngoma au muziki, fulana na kanga za chama, na mgombea anayefika kwa msafara wa magari na kuondoka kwa msafara huohuo. Aina ya pili ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao hufanyika chini ya mti au katika darasa la shule, na ajenda zake ni mapato na matumizi, mipaka ya mashamba, malisho, maji na ujenzi wa zahanati. Habari za mkutano wa kwanza hufika magazetini. Habari za mkutano wa pili mara nyingi hazivuki mpaka wa kijiji.

Wanaoandika juu ya ulumbi wa kisiasa wa Wagiriki wa kale na manufaa yake kwa siasa za leo wamezoea kumlinganisha Pericles au Demosthenes na mgombea wa jukwaani. Hupima sauti, mpangilio wa hoja, tamathali za usemi na namna ya kuamsha hisia, kisha huhitimisha kwamba mbinu za kale zingali zinatumika. Hitimisho hilo si la uongo, lakini ulinganisho wenyewe umewekwa mahali pasipo pake. Kilichoufanya ulumbi wa Athens uwe nguvu ya kisiasa hakikuwa ufasaha wa msemaji peke yake, bali mamlaka ya msikilizaji: haki yake ya kujibu, na uwezo wake wa kuamua jambo papo hapo kwa kura. Insha hii inashikilia kwamba, kwa kipimo hicho, jamaa wa karibu wa Athens si jukwaa la kampeni hata kidogo. Ni ule mkutano wa pili, wa chini ya mti. Ili kuionyesha hoja hiyo, mijadala miwili itatazamwa kwa karibu, mmoja wa Athens mwaka 427 K.K. na mwingine wa Tabora mwaka 1958, ambao maandalizi yake yalipitia Tanga.

Msikilizaji kama mwamuzi

Baraza kuu la raia wa Athens, lililoitwa Ekklesia, lilikutana juu ya kilima cha Pnyx. Katika karne ya 4 K.K. lilikutana mara 40 kwa mwaka, na baadhi ya maamuzi hayakuwa halali bila kuwapo raia 6,000. Mpiga mbiu aliuliza mbele ya wote ni nani anayetaka kusema, na raia yeyote aliruhusiwa kupanda. Waliosikiliza walikuwa ndio watakaopiga kura, na waliopiga kura ya vita walikuwa ndio watakaopanda merikebu. Msemaji naye hakuwa salama baada ya kushuka. Aliyependekeza azimio lililopingana na sheria aliweza kushtakiwa mahakamani na kutozwa faini, hata kama baraza lilikuwa limekwisha kulikubali azimio lake.

Sifa hizi zisifiche upungufu mkubwa. Wanawake hawakuingia Pnyx, watumwa hawakuingia, wala wageni waliozaliwa Athens na kufanya kazi humo maisha yao yote. Wengi wa wakazi wa mji huo walitawaliwa na hotuba ambazo hawakuwa na haki ya kuzijibu. Pericles mwenyewe, katika hotuba ya mazishi ya mwaka wa kwanza wa vita vya Peloponnesos kama alivyoiandika Thucydides, aliwashauri wajane kwamba sifa yao kubwa ni kutotajwa sana midomoni mwa wanaume. Msomaji wa Tanzania anayemkumbuka Bibi Titi Mohammed, aliyetoka katika vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam na kuwa kiongozi wa akina mama wa TANU na mmoja wa walumbi wake hodari kuliko wote, ana haki ya kutabasamu hapo.

Ulumbi ulifundishwa kwa malipo. Gorgias wa Leontini alipofika Athens mwaka 427 K.K. akiwa mjumbe wa mji wake, wenyeji walistaajabia lugha yake, na vijana wenye fedha walitaka kujifunza. Plato alichukizwa. Katika mjadala alioupa jina la huyo Gorgias, aliufananisha ulumbi na upishi: mpishi hutoa kinachopendeza ulimi, tabibu hutoa kinachoponya mwili, na mbele ya watoto mpishi ndiye atakayeshinda daima. Shutuma hiyo imerudiwa na kila kizazi, nayo ina ukweli wake. Lakini inamtazama msemaji tu, kana kwamba wasikilizaji ni watoto milele.

Aristotle alikwenda mbali zaidi alipoanza na msikilizaji. Katika kitabu chake juu ya balagha aligawa hotuba katika aina tatu kwa kufuata yule anayesikiliza anafanya nini. Katika hotuba ya ushauri msikilizaji huamua juu ya mambo yajayo, na kipimo chake ni faida na hasara. Katika hotuba ya mahakamani huamua juu ya yaliyopita, na kipimo ni haki. Katika hotuba ya sifa, kama ile ya mazishi au ya sherehe, msikilizaji haamui chochote: ni mtazamaji. Tofauti hii kati ya mwamuzi na mtazamaji ndiyo itakayotumika kama kipimo katika sehemu zote zinazofuata.

Siku mbili za Mytilene

Mwaka 428 K.K. mji wa Mytilene, katika kisiwa cha Lesbos, uliasi dhidi ya himaya ya Athens. Mwaka uliofuata uliangushwa. Baraza la Athens likiwa limejaa hasira lilipitisha kwamba wanaume wote wazima wauawe, na wanawake na watoto wauzwe utumwani. Merikebu ikatumwa siku hiyohiyo kumpelekea amri kamanda Paches. Kulipokucha watu walianza kujuta, mkutano ukaitishwa upya, na suala lilelile likarudishwa mbele ya raia walewale.

Cleon, ambaye ndiye aliyekuwa amefaulu kupitisha azimio la kwanza, alisimama kulitetea. Hotuba yake, kwa jinsi Thucydides alivyoiandika, ina jambo la ajabu. Aliwakemea wasikilizaji kwa kuzoea kuwa watazamaji wa maneno, watu wanaofurahia hotuba kama wanavyofurahia mashindano, wanaotathmini matukio kwa kumsikiliza msemaji hodari badala ya kutazama kilichotendeka mbele ya macho yao. Shutuma hiyo ni sahihi kabisa. Aliyeitoa, hata hivyo, alitaka wasikilizaji waache kufikiri, wasimame na hasira ya jana. Mlumbi anayewaonya watu dhidi ya walumbi ni mbinu ya kale sana, wala haijachakaa.

Aliyemjibu ni Diodotus mwana wa Eucrates. Hakuomba huruma, na alisema wazi kwamba haombi. Swali, alisema, si kama watu wa Mytilene wana hatia, bali ni nini kitakachoifaa Athens. Adhabu ya kifo haijawahi kumzuia mtu mwenye tamaa au matumaini. Mji ukijua kwamba hakuna tofauti kati ya kujisalimisha mapema na kupigana hadi mwisho, utapigana hadi mwisho, na Athens itagharamia mazingiwa marefu ili ipate magofu yasiyolipa kodi. Zaidi ya hayo, watu wa kawaida wa Mytilene ndio waliolazimisha mji usalimu amri mara walipopewa silaha. Kuwaua wao ni kuwafundisha watu wa kawaida wa miji mingine kwamba hawana rafiki Athens.

Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono, zikakaribia kulingana, na Diodotus akashinda. Merikebu ya pili ikaondoka, ya kwanza ikiwa imetangulia kwa takriban mchana mmoja na usiku mmoja. Wajumbe wa Mytilene waliwapa wapiga makasia divai na shayiri. Wakala huku wakivuta makasia, wakalala kwa zamu. Merikebu ya kwanza haikuwa na haraka, kwa kuwa ilibeba ujumbe ambao hakuna aliyependa kuufikisha. Paches alikuwa amekwisha kuisoma amri na anajiandaa kuitekeleza merikebu ya pili ilipotia nanga.

Kisa hiki husifiwa kama ushindi wa busara, na sifa hiyo inahitaji kupunguzwa. Viongozi wa uasi waliuawa vilevile, na ardhi ya Lesbos ikagawiwa Waathens. Miaka 11 baadaye, mwaka 416 K.K., Athens iliwatendea watu wa kisiwa cha Melos yaleyale iliyowaepushia watu wa Mytilene, na safari hii hapakuwa na merikebu ya pili. Mwaka 406 K.K. baraza hilohilo lilihukumu makamanda wake kwa pamoja, kinyume cha utaratibu, likawaua sita waliokuwapo, kisha likajuta. Uwezo wa kujibu hauhakikishi jibu jema. Hata hivyo, bila utaratibu ulioruhusu suala kufunguliwa tena na mtu mmoja kusema kinyume cha azimio la jana, watu wa Mytilene wasingekuwa na hata ile nafasi finyu waliyoipata.

Jambo moja zaidi kuhusu Diodotus: historia haimfahamu. Hatajwi tena katika kitabu cha Thucydides. Hakuwa jemadari wala kiongozi wa kundi linalojulikana. Alipanda jukwaani, akasema, akashuka.

Usambara na Tanga: wanaosikiliza wana kumbukumbu

Mtu angeweza kudhani kwamba mazoea haya ya kumjibu mtawala ni ya Wagiriki pekee, na kwamba nchi inayoizunguka Maramba iliyapokea kutoka nje. Kumbukumbu za eneo hili zinakataa. Habari za Wakilindi, tarehe ya ukoo uliotawala Usambara, iliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, mtu aliyewahi kumtumikia Semboja wa Mazinde na kuyaona kwa macho yake baadhi ya mambo anayoyasimulia. Kama Thucydides, mwandishi huyu hasimulii vita na urithi kwa maelezo matupu: watu wake husema. Wazee hushauriana, wajumbe hufikisha maneno na kurudi na majibu, watu huuliza kabla ya kukubali. Mbegha, mwindaji mgeni anayehesabiwa kuwa mwanzo wa ukoo huo, katika simulizi anapata utawala kwa ukarimu wa nyama na kwa uhodari wa kuamua mashauri. Hakuja na jeshi. Na baada ya kifo cha Kimweri ye Nyumbai, utawala ulipogeuka kuwa uporaji na uuzaji wa watu, Wabondei waliungana katika uasi unaojulikana kama Kiva na kuwafukuza Wakilindi kutoka nchi yao.

Wasambaa walikuwa na lugha yao ya kisiasa ya kumpimia mtawala. Mwanahistoria Steven Feierman, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1990, ameonyesha jinsi mijadala yao ilivyozunguka semi mbili: kuzifya shi, yaani kuitengeneza au kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mfalme mwenye nguvu asiye na mpinzani alitarajiwa kuleta mvua na shibe; watawala walioshindana walileta njaa. Semi hizo zilikuwa mizani mikononi mwa wasikilizaji. Mtawala aliweza kusema alivyotaka. Wakulima walitazama mahindi.

Mizani hiyo ilitumika dhidi ya Waingereza. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni iliendesha katika Usambara mpango wa kuhifadhi udongo uliowalazimisha wakulima kulima matuta kwenye miteremko. Maafisa walikuwa na hoja, na baadhi ya hoja hizo kuhusu mmomonyoko zilikuwa na msingi. Lakini zilitolewa kama amri: mikutano iliitishwa ili watu waelezwe. Wakulima walijibu kwa njia walizokuwa nazo, kwa kukataa na kwa kuwageukia machifu waliowaona kuwa wamekwisha kuwa vibaraka, wakisema kwamba nchi inaharibiwa. Mpango huo uliachwa mwaka 1957. Wengi waliopinga matuta waliiunga mkono TANU, na hapo simulizi ya milimani inakutana na ya pwani.

Tabora, Januari 1958

Serikali ya Tanganyika ilipotangaza uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, iliweka sharti la kura tatu. Kila jimbo lingekuwa na viti vitatu, kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mzungu na kimoja cha Mwasia, na kila mpiga kura alilazimika kuchagua mtu mmoja wa kila rangi, la sivyo kura yake ingeharibika. Sifa za kupiga kura zilikuwa za kipato, elimu au wadhifa. Kipato kilichotakiwa kilikuwa pauni 150 kwa mwaka, kiasi ambacho mkulima wa kawaida hakukifikia. Kwa wanachama wa TANU mpango huo ulikuwa tusi. Waafrika walikuwa wengi kupita kiasi katika nchi, na walikuwa wanaambiwa kwamba watu wachache wa rangi nyingine watapata theluthi mbili za viti. Mkutano mkuu uliitishwa Tabora mwezi Januari 1958, na wengi wa wajumbe walikwenda wakiwa tayari kususia uchaguzi.

Julius Nyerere aliona vingine. Kwa mujibu wa simulizi za wanachama wa zamani zilizokusanywa na mwanahistoria Mohamed Said, kabla ya Tabora Nyerere alifika Tanga na kukutana faraghani na viongozi wa chama wa hapo, miongoni mwao Mwalimu Kihere na Abdallah Rashid Sembe, wakakubaliana jinsi ya kulikabili suala hilo mkutanoni. Simulizi hiyo ina uzito kwa sababu inarekebisha picha iliyozoeleka ya mtu mmoja anayeugeuza mkutano kwa ulimi wake. Athens nayo ilikuwa hivyo: hotuba iliyosikika Pnyx ilitanguliwa na mazungumzo ya sokoni na ya sebuleni. Ulumbi haufanyi kazi peke yake, na Tanga iliuandalia njia.

Hoja yenyewe ilikuwa ya aina ya Diodotus. Kwamba mpango wa kura tatu ni dhuluma halikuwa jambo la kubishaniwa. Kila aliyekuwa ndani ya ukumbi alilikubali, na Nyerere mwenyewe alikuwa ameupinga. Swali lilikuwa ni nini kitakachoifaa TANU. Ikisusia, viti vyote vingechukuliwa na United Tanganyika Party, chama kilichopendelewa na serikali, na chama hicho ndicho kitakachodai kusema kwa niaba ya nchi. Ikishiriki, wapiga kura Waafrika, japo ni wachache walioandikishwa, wangeweza kuamua ni Mzungu yupi na Mwasia yupi atakayeingia. Silaha iliyotengenezwa ili kuwapunguza ingeweza kugeuzwa.

Ugumu wa hotuba ya namna hii hauonekani kwa anayeisoma leo akijua matokeo. Kumwambia msikilizaji kwamba hasira yake ni halali lakini isitumike kama kipimo cha uamuzi ni jambo linalomfanya msemaji afanane na msaliti. Diodotus alilalamika kwamba katika mji wake mshauri mwema hana budi kutumia hila ili aaminiwe, kwa kuwa anayetoa ushauri mzuri waziwazi hushukiwa kupata faida kisirisiri. Nyerere alishukiwa hivyohivyo. Wajumbe walimjibu kwa ukali, mjadala ukachukua siku kadhaa, na haukwisha kwa makofi: ulikwisha kwa kura. Upande wa kushiriki ulishinda, ukafungwa pamoja na madai ya serikali ya madaraka na tishio la hatua kali zaidi iwapo madai hayo yangepuuzwa. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alitoka TANU na kuanzisha African National Congress. Alikuwa na haki ya kutoka, na kutoka kwake ni ushahidi kwamba mjadala ulikuwa wa kweli.

Awamu ya kwanza ya uchaguzi ilifanyika Septemba 1958, na Jimbo la Tanga lilikuwa miongoni mwa majimbo matano yaliyopiga kura. Awamu ya pili ilikuwa Februari 1959. Wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda, Wazungu na Waasia wakiwamo, na United Tanganyika Party ikafifia. Uamuzi huo uliingia katika historia kwa jina la Uamuzi wa Busara. Jina hilo linastahili, ila lina kasoro moja: linaipa busara hadhi ya tunu ya mtu, wakati katika Tabora, kama katika Pnyx, ilikuwa tunu ya utaratibu uliowalazimisha watu kusikilizana kabla ya kuhesabu.

Nyerere baadaye alitafsiri kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, ambamo umati uleule wa Roma unashangilia hotuba ya Brutus na, muda mfupi baadaye, hotuba ya Antony iliyo kinyume chake. Umati huo hauna kura. Una masikio na mawe tu.

Karama mbele ya mahakama

Mwandishi mashuhuri kuliko wote wa Tanga, Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Machui, aliandika Kusadikika wakati ulumbi wa kisiasa dhidi ya serikali ulikuwa hatari. Kitabu hicho kilichotoka mwaka 1951 ni hotuba ya mahakamani karibu kutoka mwanzo hadi mwisho. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria, naye anajitetea kwa siku sita mbele ya mfalme, akisimulia habari za wajumbe sita ambao nchi iliwatuma, wakarudi na maarifa, wakaadhibiwa. Wasomi wengi wamemkumbuka Socrates, aliyehukumiwa kifo Athens mwaka 399 K.K. Kuna mfanano: wote wawili wanageuza utetezi kuwa mashtaka dhidi ya waliowashtaki. Tofauti ina uzito zaidi. Socrates alisema siku moja, mbele ya mamia ya raia wenye kura, akashindwa. Karama alipewa siku sita, akasikilizwa bila kukatizwa, akashinda. Shaaban Robert aliwaza mahakama yenye subira kuliko ile ya Athens, na aliiwaza akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni.

Jukwaa na mti

Kipimo cha Aristotle kikirudishwa sasa Maramba, mkutano wa kampeni unaonekana ulivyo. Kwa sura ni hotuba ya ushauri: mgombea anazungumzia mambo yajayo, barabara, bei ya mazao, ajira. Kwa utendaji ni hotuba ya sifa. Anayesikiliza haamui chochote mahali hapo. Hawezi kuuliza, na akiuliza kwa sauti huhesabiwa kuwa mleta fujo. Kura yake itakuja wiki kadhaa baadaye, ndani ya chumba, peke yake, baada ya kusikia wasemaji ambao hawajawahi kujibizana uso kwa uso. Hakuna anayesimama pale uwanjani kusema kwamba ahadi ya tatu inapingana na ya kwanza. Kuchambua ufasaha wa hotuba kama hiyo kwa istilahi za Kigiriki ni kazi halali ya isimu, lakini haioneshi kwamba urithi wa Athens unaishi hapo. Cleon angewatambua watazamaji wake.

Mkutano mkuu wa kijiji ni kitu kingine. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Namba 7 ya mwaka 1982, mkutano huo unaundwa na wakazi wote wa kijiji waliofikia umri wa miaka 18, wanawake kwa wanaume, nao ndio wenye mamlaka ya juu katika sera za kijiji. Huchagua halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, na hupaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Katika eneo lililozungukwa na mashamba makubwa na misitu ya hifadhi, kama ilivyo nchi ya chini ya Usambara ya Mashariki, ardhi ya kugawa haiongezeki, na kifungu hicho kinaweza kuwa na uzito kuliko ilani nzima ya chama.

Hapa wanaosikiliza ndio wanaoamua, na wanaoamua ndio watakaobeba matokeo: mwenye kunyoosha mkono kukubali ekari kadhaa zitolewe kwa mwekezaji ni jirani wa yule atakayepoteza njia ya kupitisha mifugo. Masharti ya Pnyx yamo yote, na lile kosa kubwa la Pnyx, kuwatenga walio wengi, limeondolewa na sheria. Kisheria, mama anayeuza ndizi Maramba ana zaidi ya alichokuwa nacho mke wa Pericles.

Sheria ni jambo moja na desturi ni jingine. Mikutano huahirishwa. Taarifa ya mapato na matumizi husomwa haraka, kwa lugha ya kiofisi, na kufuatiwa na swali la kama kuna mwenye nyongeza, likiulizwa kwa sauti inayoeleweka kuwa hapatakiwi nyongeza. Vijana hukaa nyuma. Wanawake wengi huhudhuria na wachache husema, kwa kuwa heshima ya mbele ya wakwe na wazee ina kanuni zake, na kanuni hizo hazifutwi na kifungu cha sheria. Mwenye kupinga hotuba ya mwenyekiti huambiwa anapinga maendeleo. Kati ya kasoro zote, hii ya mwisho ndiyo iliyo karibu zaidi na hatari aliyoieleza Diodotus: mahali ambapo kupinga hoja kunahesabiwa kuwa ni kumchukia mtoa hoja, washauri wema hunyamaza na mkutano hupoteza akili yake.

Ipo pia tofauti ya uandishi. Thucydides hakuwapo kila mahali, na amekiri kwamba hotuba zake zimeundwa upya kwa kufuata kile kilichofaa kusemwa. Lakini aliandika pande mbili, Cleon na Diodotus, kila mmoja kwa nguvu zake zote. Abdallah bin Hemedi alifanya hivyo kwa Wakilindi na waliowapinga. Muhtasari wa mkutano wa kijiji, hati ambayo afisa wa wilaya huidai kabla ya kukubali kwamba ardhi imetolewa kihalali, mara nyingi una orodha ya mahudhurio, saini au alama za vidole, na sentensi moja isemayo kwamba wajumbe walijadili na kukubaliana. Aliyesimama akakataa, na sababu alizozitoa, havimo.